Je, Wajua? Hamisha Mawe, Tangi Linakuwa Jipya

Kutoka upande wa Isongole, wilayani Ileje, Mto Songwe unafuata mpaka wa Malawi hadi Ziwa Nyasa. Humo ziwani wanaishi mbuna, samaki wadogo wa miambani. Rangi zao za buluu na njano hushindana na za samaki wa matumbawe. Ulaya na Marekani wanafugwa sebuleni, kwenye matangi ya kioo.

Tangi likichosha, au ugomvi ukizidi, mfugaji hahitaji samaki wapya. Hupanga mawe upya. Kila dume hulinda eneo lake. Mawe yakihama, mipaka inafutika. Wababe huanza kutafuta makao kama wageni.

Jike hubeba mayai mdomoni. Dume ana madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini. Jike huyadonoa, na hapo hupokea mbegu. Mayai hurutubishwa humo humo mdomoni! Hukaa nayo kwa takriban wiki 3, karibu bila kula.

Anayenishangaza zaidi ni jamaa yao mwindaji, Nimbochromis livingstonii. Hulala ubavu mchangani, mwili madoadoa, akijifanya mzoga. Samaki wadogo wakisogea kudonoa, huwanasa.