Bilauri Yenye Ukungu

Asubuhi hii nimekuja na bilauri mkononi. Ninyi hamwioni, lakini ndugu yetu anayeongoza mitambo hapa studio anaiona, naye anatikisa kichwa, kwa maana ina ukungu mweupe kana kwamba mtu ameipulizia pumzi wakati wa baridi. Imeoshwa kwa sabuni mara mbili. Ukungu uko pale pale.

Mtasema, leo Kasisi ameishiwa na mahubiri. Ngojeni kidogo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu alizungumza juu ya kikombe kinachosafishwa nje na kusahauliwa ndani, nao waliomsikia walikuwa watu wanaojua sana habari za kuosha vyombo. Tena ni katika nchi zile zile za pwani ya Shamu, katika karne iliyotangulia kuzaliwa kwake, mafundi walipovumbua kupuliza kioo kwa bomba, hata chombo cha kioo kikaacha kuwa mali ya matajiri peke yao. Lakini leo sitafafanua andiko hilo. Nataka kuwaeleza habari za madoa yenyewe, kwa sababu niliwahi kumdhulumu mtu kwa ajili ya madoa ya bilauri.

Ilikuwa mwaka wa 2010. Nilikuwa nimepewa kazi katika parishi moja ya bara, mahali pakavu, ambapo maji yetu yalitoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo. Askofu alikuwa aje Jumapili kwa ibada ya Kipaimara, na chakula cha mchana kingeliwa nyumbani kwetu. Ijumaa jioni nikafungua kabati nikatoa bilauri sita tulizopewa siku ya arusi. Zote zilikuwa na ukungu, na chini kabisa kulikuwa na duara nyeupe. Nikamwita binti aliyekuwa akitusaidia kazi, aliyekuwa hajamaliza miezi miwili kwetu. Nikamwambia kwamba mtu mvivu huonekana kwa bilauri zake. Akajibu kwa sauti ndogo, “Pasta, nimeziosha. Ni maji.” Mimi nikaona ni udhuru tu. Nikamwagiza achukue mchanga wa mto na kipande cha gunia, asugue mpaka zing'ae.

Alisugua mbili. Alipozileta, ukungu ulikuwa umepungua kidogo, lakini kioo kilikuwa kimejaa mikwaruzo kama njia za siafu. Nilipoongeza maneno, akaenda chumbani akaanza kukunja nguo zake. Hapo ndipo mke wangu aliporudi kutoka mkutano wa akina mama. Hakusema neno. Alichukua nusu ya ndimu iliyobaki mezani, akaipaka ndani ya bilauri ya tatu, akaiacha kidogo, akaisuuza. Iling'aa kama siku ya arusi. Nilikwenda nikasimama mlangoni pa yule binti, mke wangu akiwapo, nikamwomba radhi. Alikubali na akabaki, lakini hakuniangalia usoni mpaka Jumapili jioni. Nilikuwa nimemaliza chuo cha theolojia, wapenzi, nami sikujua maji niliyokuwa nikinywa kila siku yamebeba nini.

Basi sikilizeni. Maji ya mvua yanaposhuka huchukua kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Yakipita udongoni huokota nyingine zaidi, yakawa na ukali kidogo sana, ambao ulimi hauutambui. Ukali huo hutosha kuyeyusha mawe ya chokaa polepole. Ndiyo sababu maji ya visima vingi vya Pwani, vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, ni magumu, na vivyo hivyo mahali pengi penye mawe ya chokaa huku bara. Mnayajua maji hayo: sabuni haitoi povu, bali inaganda kama maziwa yaliyoharibika. Wala hayamdhuru mnywaji kwa ajili ya ugumu wake. Lakini tone likikauka juu ya kioo, maji huenda zake na chokaa hubaki. Kesho tone jingine, keshokutwa jingine. Ukitaka kuiona chokaa hiyo kwa wingi, tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai.

Sabuni haiwezi kuiondoa, kwa sababu kazi ya sabuni ni kushika mafuta. Hata huongeza, kwa kuwa ule mgando wake na chokaa hushikamana na kioo. Chokaa huondolewa na kitu kichachu: siki, ndimu au limau. Uchachu ukiigusa, chokaa huvunjika, na ile hewa ya kaboni dioksidi iliyofungwa ndani yake huachiliwa. Ndivyo vile viputo vidogo alivyonionyesha mke wangu.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, pima. Tia tone moja la siki juu ya ukungu, lingoja dakika kumi, kisha lisuuze na kukausha. Mahali pale pakiwa peupe na angavu, na pembeni ukungu umebaki, basi ni chokaa. Chukua beseni la plastiki, changanya siki nyeupe na maji ya uvuguvugu sawa kwa sawa, laza bilauri humo nusu saa. Ikiwa ukoko ni wa miaka, ziache usiku kucha. Kisha sugua kwa kitambaa laini, osha kwa sabuni kama kawaida, suuza. Bilauri zenye mstari wa dhahabu ukingoni msizilaze humo wala kuzisugua kwa nguvu, kwa maana dhahabu ile ni nyembamba sana na huondoka.

Doa la chai ni jambo jingine. Chai ina kitu kiitwacho tanini, ndicho kinachoukaza mdomo ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hushika kioo, na penye maji magumu hushika zaidi. Hapa tumia ile soda nyeupe ya unga wanayotia katika maandazi, wengine huiita bikaboneti. Lowesha kijiko kimoja kwa matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, sugua kwa kidole au kitambaa. Unga wake ni laini kuliko kioo, kwa hiyo haukwaruzi. Mchanga ni mgumu kuliko kioo. Hilo ndilo sikulijua Ijumaa ile. Jivu pia, ambalo mama zetu walisugulia sufuria, lina chembe za mchanga ndani yake. Kama huna kingine, lichekeche kwa kitambaa kwanza.

Na magadi je? Yanang'oa doa la chai, lakini ni makali kwa ngozi ya mikono, tena kioo chenyewe hakiyapendi yakikaa juu yake muda mrefu, hasa katika maji ya moto. Ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi, vikiyeyushwa pamoja katika tanuru. Yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kazi yake kubwa ulimwenguni ni kutengeneza kioo.

Penye maji mekundu, doa la rangi ya kutu ni chuma. Tumia ndimu na chumvi, uache saa moja. Usitie dawa ya klorini ya nguo nyeupe, kwa maana klorini hukifanya chuma kishike zaidi.

Na hapa naomba mama aliye jikoni aache kijiko kidogo anisikilize. Dawa hiyo ya klorini inafaa kwa doa la chai lililokataa kila kitu: kijiko kimoja katika lita moja ya maji baridi, robo saa, kisha suuza sana. Lakini isikutane kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa yenye asidi ya kusafishia choo. Vikikutana hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa vitani huko Ubelgiji mwaka wa 1915 kuwaua askari katika mahandaki yao. Jiko letu ni dogo, dirisha ni moja, na mara nyingi mtoto amelala pembeni. Watu wengi hufikiri kwamba dawa mbili nzuri zikichanganywa zitakuwa dawa bora. Si hivyo. Ikiwa jana ulitumia moja katika beseni, lioshe kabisa kabla ya kutia nyingine. Ukisikia harufu kali ya kubana kifua, waondoe watoto kwanza, toka nje, acha mlango wazi. Tena msidanganywe na mtu awaye yote kutumia maji ya betri ya gari. Yanachoma jicho na mkono, na hakuna bilauri yenye thamani ya jicho.

Kuna madoa yasiyotoka. Nchi zetu za volkano, kama Bonde la Ufa, zina maji yenye silika, ambayo ni ndugu ya kioo chenyewe. Ikigandamana na bilauri, siki haiiwezi. Tena kuna kioo kilichokwisha kuliwa na sabuni kali za mashine za hotelini, na kuna kioo kilichokwaruzwa. Hicho ukikilowesha chaonekana kizima, kikikauka ukungu unarudi. Pitisha ukucha juu yake. Penye mikwaruzo mikubwa utaisikia. Hapo aliyeosha hana hatia yoyote, na wewe usimtume kusugua tena. Bilauri zetu mbili za mwaka ule bado ziko kabatini. Ni safi kabisa, mtu aweza kunywea bila hofu, ila mgeni akipewa mojawapo, mimi humwambia mapema kwamba alama zile ni kazi yangu.

Maana ukungu si uchafu, na kung'aa si usafi. Bilauri ing'aayo iliyosuuzwa kwa maji ya mtoni yasiyochemshwa yaweza kubeba ugonjwa wa kuhara. Yenye ukungu iliyooshwa kwa sabuni na maji salama haina neno.

Wazee wa kanisa wameniandikia kuuliza juu ya zile chupa ndogo za kioo za divai na maji ya Meza ya Bwana, ambazo shingo yake haipitishi hata kidole. Tieni vijiko viwili vya mchele mbichi na siki kidogo, mzungushe taratibu dakika chache. Mchele utasugua chini mahali divai ilipokauka. Zisuuzeni mara tatu ili harufu ya siki isibaki. Msitumie kokoto, wala msimimine maji ya kuchemka katika kioo kilicho baridi: upande wa ndani hutanuka kabla ya ule wa nje, nayo hupasuka mkononi.

Mwisho ni kukausha. Doa huzaliwa pale tone linapokauka lenyewe, kwa hiyo usiziache bilauri zijikaushe juu ya kichanja. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama umeyakinga kwa usafi na kuyachemsha, kwa kuwa hayajapita katika mawe. Kisha zifute mara moja kwa kitambaa cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, kisichoacha nyuzi. Kitambaa hicho kiwe cha bilauri tu, si kile kile cha kushikia sufuria.

Ndugu yetu wa mitambo ananionyesha saa. Naona siki yangu imefanya kazi tulipokuwa tukizungumza. Nusu ya bilauri hii sasa ni angavu, naye ameacha kutikisa kichwa. Nusu nyingine nitaimalizia nyumbani, kwa maana leo zamu ya vyombo ni yangu. Kwaherini, wapenzi, mpaka juma lijalo.