“ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII”: NAMNA UTAPELI WA SIMU UNAVYOFANYIKA NA HATUA ZA KUCHUKUA

Ujumbe huwa mfupi, hauna salamu wala jina la anayeandikiwa. “Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo.” Kwa wengi wanaoupokea, maneno hayo hayana maana yoyote na hufutwa papo hapo. Lakini mpangaji ambaye jioni hiyo alikuwa ameahidi kumlipa mwenye nyumba wake kodi ya miezi mitatu huyasoma kwa namna nyingine kabisa. Kwake ni maelekezo ya kawaida kutoka kwa mtu aliyekuwa akisubiri malipo, na dakika chache baadaye kodi yote huwa imekwenda kwa mtu asiyemjua.

Watu wengi hudhani kwamba tapeli alikuwa na taarifa za mpangaji huyo. Mara nyingi hakuwa nazo. Ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa namba nyingi kwa wakati mmoja, pengine kwa kufuata mpangilio wa tarakimu tu, na mtumaji hajui anayeupokea ni nani wala yuko mkoa gani. Anachojua ni kwamba miongoni mwa watu elfu moja, hawakosekani wachache wanaotarajia kutuma fedha siku hiyo: ada ya shule, mchango wa harusi, malipo ya fundi, marejesho ya kikoba. Ndiyo maana ujumbe hautaji kiasi cha fedha, hautaji sababu ya malipo, wala hautaji jina la anayedai. Kila kilichoachwa wazi hujazwa na msomaji mwenyewe kwa kutumia jambo lililo kichwani mwake.

Kwa sababu hiyo, elimu ya darasani au wadhifa kazini si kinga. Mhasibu anayeshughulika na hesabu mchana kutwa anaweza kudanganyika sawa na mzee wa kijijini ikiwa ujumbe umemkuta katika saa aliyokuwa anajiandaa kulipa. Aliyetapeliwa hana sababu ya kuona aibu, na aibu hiyo ndiyo imekuwa ikiwafanya waathirika wengi wanyamaze badala ya kutoa taarifa mapema.

Katika siku za karibuni ujumbe huo umeongezewa kipande kimoja: “jina litakuja fulani.” Kipande hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini. Huduma za fedha kwa simu humwonesha mtumaji jina la mwenye namba kabla hajaingiza namba ya siri, ili aweze kusitisha muamala akiona jina geni. Tapeli anapolitaja jina mapema, jina hilo geni linapojitokeza kwenye kioo mtumaji huona limelingana na alilotajiwa, hivyo huthibitisha bila wasiwasi. Hatua iliyowekwa kumlinda imegeuzwa kuwa chambo. Jina linalotakiwa kulinganishwa na lile la kwenye kioo ni jina la mtu anayefahamika, si lile lililoandikwa kwenye ujumbe.

Namna ya kujikinga hapa ni rahisi na haihitaji ujuzi wa teknolojia. Anayepokea maelekezo ya kubadili namba ya malipo ampigie mlipwaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, asikie sauti yake, ndipo atume. Asipige namba iliyoleta ujumbe, na asiridhike na jibu la maandishi. Mwenye nyumba wa kweli hatakasirika kuulizwa.

Njia ya pili inayotumika sana ni fedha za uongo. Mwananchi hupokea ujumbe unaofanana na ule wa huduma ya fedha, ukieleza kwamba amepokea kiasi fulani. Muda si mrefu hupigiwa na mtu mwenye sauti ya huzuni, akisema amekosea namba, fedha zilikuwa za mgonjwa aliyelazwa, na anaomba zirudishwe. Aliyepigiwa, kwa moyo wa huruma, hurudisha fedha ambazo hakuwahi kuzipokea. Ujumbe halisi huja kwa jina la huduma husika, ilhali ule wa uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Hata hivyo, lenye uhakika zaidi ni kuangalia salio kupitia menyu ya huduma kabla ya kujibu neno lolote.

Na ikiwa salio limeongezeka kweli? Hata hapo haishauriwi kurudisha fedha kwa mkono wako mwenyewe. Aliyekosea anaweza kuwa ameshaomba kampuni yake ya simu irejeshe muamala, na aliyezipokea akizituma tena atajikuta amelipa mara mbili. Anayedai amekosea aelekezwe kuwasiliana na mtoa huduma wake, naye mpokeaji aziache fedha hizo zilivyo mpaka suala limalizike.

Kundi la tatu ni wanaojifanya watumishi wa kampuni za simu. Hawa hupiga wakijitambulisha kwa ufasaha, hutaja zawadi, au husema laini itafungwa kwa kuwa usajili una kasoro, kisha humwongoza mwananchi abonyeze tarakimu moja baada ya nyingine “kwa ajili ya kuhakiki.” Mwananchi anayefuata maelekezo hayo huwa anafanya muamala wa kutuma fedha yeye mwenyewe, na tarakimu nne anazoombwa mwishoni ni namba yake ya siri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imekuwa ikisisitiza kwamba huduma kwa wateja ya kampuni za simu hutumia namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida ya simu na kudai anatoka kwa mtoa huduma, simu yake ikatwe. Hakuna mtumishi wa kampuni yoyote, wakala wala benki mwenye mamlaka ya kuuliza namba ya siri, na vivyo hivyo tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe hazipaswi kusomewa mtu mwingine, kwani ndizo zinazotumika kuteka akaunti za mitandao kama WhatsApp na kisha kuwaomba ndugu na marafiki fedha kwa jina la mwenye akaunti.

Zipo mbinu nyingine ambazo kila mmoja amewahi kuzisikia: ajira zinazotaka ada kabla ya usaili, mikopo isiyo na masharti, waganga wa utajiri wa haraka, na wanaodai kuandikisha watu katika Freemason. Mbaya kuliko hizo ni simu kwa mzazi kwamba mwanawe ameanguka shuleni na daktari anasubiri malipo ndipo atibu. Mzazi aliyeshtuka hana nafasi ya kufikiri, na hilo ndilo linalokusudiwa. Inasaidia kila mzazi kuwa na namba ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule kabla ya siku ya dharura, pamoja na ya mzazi mwingine anayeishi jirani na shule.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: kama laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa nini matapeli hawakamatwi mara moja? Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zilianza kufungwa baada ya Januari 20, 2020. Tangu hapo kila namba ina jina la mtu na namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Tatizo ni kwamba jina hilo si lazima liwe la anayeitumia laini.

Mwananchi anakwenda kusajili laini moja kwa wakala anayetembea na mwavuli. Anaweka kidole. Anaambiwa alama haijasoma, aweke tena, na pengine mara ya tatu. Anaondoka na laini moja, huku laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake ikibaki kwa wakala asiye mwaminifu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Wapo pia wanaokubali kusajili laini kwa ajili ya rafiki au mgeni kwa malipo ya shilingi elfu chache, wakiona ni msaada mdogo tu. Uhalifu unapofanyika, uchunguzi huanzia kwa mwenye jina. Kijana aliyepokea shilingi elfu mbili kituo cha basi ndiye atakayetakiwa kueleza ni kwa vipi namba yenye jina lake ilipokea kodi ya mpangaji wa mkoa mwingine.

Kwa hiyo kuhakiki laini ni sehemu ya kujikinga, ingawa wengi hawalichukulii hivyo. Mwananchi anapopiga *106# na kufuata maelekezo, anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoitambua, afike kwenye duka la mtoa huduma husika akiwa na kitambulisho ili namba hiyo iondolewe kwenye jina lake. Ni vyema kufanya hivyo mara kwa mara, na hasa baada ya kusajili laini mpya au kuirudisha iliyopotea.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, inayotambua kuwa ni kosa kufanya udanganyifu kwa kutumia mfumo wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, ambalo limekuwapo muda mrefu kabla ya simu za mkononi. Takwimu za mawasiliano zinazotolewa na TCRA kila robo mwaka hujumuisha majaribio ya ulaghai kwa kila mkoa, na katika taarifa hizo mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mara kadhaa kuongoza. Haina maana kwamba wakazi wa mikoa hiyo ndio wanaotapeliwa zaidi. Idadi hiyo inahusu mahali majaribio yanapotokea. Anayetapeliwa anaweza kuwa Mtwara au Kigoma.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, kinachoamua ni muda. Tapeli mzoefu hazilazi fedha kwenye akaunti. Hutolewa kwa wakala au kuhamishiwa namba nyingine ndani ya dakika chache. Mara anapotambua kosa, mwananchi apige 100 kwa mtandao wake, ataje namba ya kumbukumbu ya muamala, na aombe fedha zizuiwe. Baadhi ya mitandao ina kipengele cha kuomba kurejeshewa muamala ndani ya menyu yake, na hicho huwa cha haraka kuliko kusubiri kuhudumiwa. Kupiga simu kumgombeza tapeli hakusaidii. Kunamjulisha tu kwamba aharakishe kuzitoa. Simu ikipoteza mtandao ghafla bila sababu wakati wengine jirani wanaupata, mwenye nayo aazime simu nyingine na kuwasiliana na mtoa huduma, kwa kuwa laini yake inaweza kuwa imebadilishwa na mtu mwingine.

Hatua inayofuata ni kituo cha polisi, kwa ajili ya kufungua taarifa na kupewa namba ya RB. Ujumbe wa tapeli na ule wa muamala visifutwe, hata kama vinaudhi kuviona, kwani hivyo ndivyo ushahidi. Walio mbali na kituo wanaweza kuanzia kwa Polisi Kata wa eneo lao.

Ambaye hakudanganyika naye ana la kufanya. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, kisha mtumaji afuate maelekezo ya kuingiza namba ya simu iliyouleta. Taarifa hizo ndizo zinazowezesha namba ya kitapeli kufanyiwa kazi na kufungiwa. Kwa wazee wasiosoma vizuri maandishi ya simu, mtoto au mjukuu anaweza kuwasaidia kutuma ujumbe huo na kuhakiki namba zao kupitia *106#, akiwa ameketi nao pembeni, na namba ya siri ikibaki kwa mzee mwenyewe.