“Niliona na macho yangu”: kwa nini shahidi mkweli anaweza kukosea

KALEMIE – Usiku, ukisimama kando ya ziwa, unaona mataa ya wavuvi wa ndakala kule mbali. Wakaaji wa Katanika wameyazoea. Lakini ikitokea mwangaza mmoja umepanda juu, ao umezimika ghafula, kesho yake kila mtu anakuwa na jina lake: huyu anasema droni, yule anasema ndege ya wachawi, mwingine anasema chombo kutoka dunia ingine. Na wote wanaapa: “Niliona na macho yangu.”

Si jambo la kucheka tu. Katika mtaa ambao umepokea wahami wengi waliokimbia vita, neno moja la shahidi linaweza kukimbiza familia usiku, ao kumtia mtoto wa jirani katika mashitaka ya uchawi. Basi ni vizuri kujua kumbukumbu ya mtu inafanya kazi namna gani.

Sahani za moto za Katanga

Kuna kisa cha zamani ambacho kinagusa ziwa letu. Tarehe 29 Machi 1952, gazeti Die Presse la Vienna, Austria, liliandika kwamba sahani mbili za moto zilionekana juu ya migodi ya uranium, upande wa Elisabethville, leo Lubumbashi. Kamanda aliyeitwa Pierre, wa kiwanja kidogo cha ndege cha pale, alipanda ndege ya vita akazifuata. Kufuatana na habari hiyo, alifika karibu mita 120 na moja yao. Upana ulikuwa mita 12 hadi 15, rangi ya aluminiumu, mwendo kilometa 1,500 kwa saa. Baada ya dakika 15 aliacha, sababu zilipotea kuelekea ziwa Tanganyika. Idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliweka habari hiyo kwa Kiingereza mwaka uleule, na karatasi yake ingali inasomwa hata leo.

Hakuna lazima ya kumwita Pierre mwongo. Lakini tuangalie njia ambayo habari ilipita: piloti, wakubwa wake, gazeti la Kijerumani, kisha mtafsiri wa Kiingereza. Karatasi inasema migodi iko mashariki ya mto Luapula. Lakini ukivuka Luapula kwenda mashariki, umeshaingia Zambia. Mgodi wa uranium wa Shinkolobwe uko upande mwingine kabisa, karibu na Likasi. Kosa liliingia njiani, na hakuna aliyelisahihisha.

Mwendo je? Ili ujue kitu kinakimbia namna gani, inafaa kwanza ujue kiko mbali kadiri gani. Angani hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Na toka Lubumbashi mpaka ziwa ni mamia ya kilometa. Piloti angeweza kuona upande tu, si mahali zilipofikia.

Kumbukumbu si picha ya simu

Wengi wanafikiri kwamba kichwa kinaweka jambo sawa vile simu inaweka picha. Hapana. Kila mara mtu anapokumbuka, anajenga upya, na anaweza kuchanganya vile alivyoona na vile alivyosikia baadaye.

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani walionyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kikundi kimoja kiliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, kingine “yalipopondana”. Juma moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu havikuwepo. Lakini kati ya watu 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wengine, 7 tu. Neno moja la mwulizaji liliwapa kumbukumbu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Tarehe 3 Machi 1968, vipande vya roketi iliyorusha chombo cha Wasovieti, Zond 4, vilishuka vikiwaka juu ya Marekani. Watu wengi walieleza vizuri. Lakini wengine walisema waliona chombo kimoja kirefu chenye madirisha yanayowaka. Macho yaliona mistari ya moto. Kichwa kikajaza mwili wa ndege.

Majina nayo yanavuta kumbukumbu. Mwaka 1947, piloti Kenneth Arnold alisema vitu alivyoviona vilirukaruka sawa sahani iliyotupwa juu ya maji. Alieleza mwendo. Magazeti yakaandika “sahani zinazoruka”, na tangu hapo watu wengi wakaona sahani.

Kabla ya kumwamini ao kumshitaki

Kama umeona kitu, kwanza sema ao andika peke yako, mbele ya kusikiliza wengine: saa ngapi, upande gani, dakika ngapi, mawingu yalikuwepo ao hapana. Mashahidi kumi waliokaa pamoja usiku kucha wakisimuliana si mashahidi kumi tena.

Shefu wa avenyu, pasta, polisi na mwandishi wa habari, kila mmoja aulize “Uliona nini?”, si “Ile droni ilikuwa rangi gani?” Mtoto hasa anapenda kumjibu mkubwa vile mkubwa anavyotaka. Na tusidanganywe na sauti yenye uhakika, sababu anayekosea anaweza kuapa kwa nguvu kuliko wote.

Tena, kifungu cha 41 cha katiba ya mwaka 2006 kinakataza kumshitaki mtoto uchawi. Mwangaza wa usiku hauondoe sheria hiyo.

Mtu akisema, “Saa mbili usiku niliona mwangaza upande wa ziwa, halafu ukazimika,” ametoa ushuhuda, na inafaa asikilizwe bila kuchekwa. Akiongeza kwamba ilikuwa ndege ya mama fulani, aulizwe tena kwa upole: hiyo uliiona, ao uliisikia asubuhi kwenye kisima?