Usinunue Waya kwa Rangi Yake

Mtu apikaye ugali kwa sufuria ya alumini hana budi kuushika ukingo wake kwa kitambaa, asije akaungua. Lakini mwiko wa mti haumwunguzi mkono hata kidogo. Jambo hili kila mtu amelijua tangu utoto. Wachache, hata hivyo, wamejiuliza kama kuna uhusiano kati ya joto lipitalo katika sufuria na umeme upitao katika waya wa taa. Uhusiano upo, tena wa karibu sana, na mwenye kuujua ataokoa mali yake, na pengine nyumba yake pia.

Mwaka 1853 Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolf Franz, walionyesha kwamba madini yapitishayo joto vizuri ndiyo yapitishayo umeme vizuri. Sababu ilikuja kujulikana baadaye. Ndani ya madini haya zimo chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, ambazo hazikufungwa mahali pamoja bali huenda huko na huko. Chembe hizo hizo ndizo wachukuzi wa joto na wa umeme; njia iliyo nyepesi kwa mzigo mmoja ni nyepesi kwa wa pili.

Basi tuyapange madini, tukiipa shaba alama 100. Kwa umeme, fedha hupata karibu 106, dhahabu 76, alumini 63, chuma 17, na risasi 8. Kwa joto, fedha hupata 107, dhahabu 79, alumini 59, chuma 20, na risasi 9. Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko vya mezani, kiko nyuma ya yote: hakifiki alama 5 kwa lolote.

Fedha ndiyo ya kwanza, lakini nani atatia nyaya za fedha nyumbani? Shaba inaikaribia kwa bei ndogo zaidi. Alumini nayo ina sifa yake: waya wake hutakiwa uwe mnene zaidi, lakini hata hivyo uzito wake ni kama nusu ya ule wa shaba. Ndiyo maana nyaya kubwa zinazoning'inia juu ya nguzo huwa za alumini.

Msomaji aweza kujionea mwenyewe. Chukua vipande vitatu vya waya vyenye urefu na unene mmoja: cha shaba, cha alumini, na cha chuma. Ondoa plastiki yote, ubandike punje ya haragwe kwa nta kwenye ncha ya kila kimoja, kisha utie ncha za pili katika kikombe cha maji yanayochemka. Haragwe la shaba litaanguka mapema; la chuma litachelewa mno, au lisianguke kabisa.

Sasa tuje shambani. Tuseme mkulima ana betri ya sola ya volti 12, naye ataka taa katika banda la ng'ombe lililo mita 30 kutoka nyumbani. Akitumia waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, na taa ikavuta ampea 2, zitapotea njiani volti zisizofika 1. Akitumia waya wa chuma wa unene huo huo, zitapotea zaidi ya volti 4, na taa itafifia. Atailaumu betri, kumbe kosa ni la waya.

Hatari kubwa zaidi ni nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje, ambazo wauzaji wengine huziuza kama shaba tupu. Zikipewa mzigo wa shaba hupata moto kupita kiasi. Tena alumini ikiungwa na shaba kwa kusokotwa tu, kiungo hulika na kulegea, kikapata moto, na moto huo waweza kuteketeza nyumba.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ukwangue waya kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, si shaba huo. Upime uzito wake mkononi pia, na kazi ya kuunga umwachie fundi aliyehitimu. Bei ya waya mzuri ni ndogo kuliko bei ya paa jipya.