Urahisi huu ni wa nani?

Kiswahili kimelibebesha neno "rahisi" maana mbili. Kitu rahisi ni kile kisicho kigumu, na ni kile pia kisicho ghali. Pengine ndiyo sababu wahenga walilitilia shaka, wakatuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Nasi tumekua tukikishuku kila kilicho chepesi. Mwalimu anayeeleweka upesi hudhaniwa hana elimu ya kina, na barua isiyo na maneno mazito huonekana kana kwamba mwandishi wake hakusoma. Hata hivyo, kuna swali ambalo methali hiyo haikuliuliza: urahisi huo ni wa nani? Anayepunguziwa mzigo ni nani, na aliyeuchukua ni nani?

Mwenye kulitafutia swali hilo jibu hana haja ya kwenda mbali. Na aifuate barabara kuu itokayo Nairobi, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, aipite Ruiru, afike Thika kwanza. Kurejea tutarejea pamoja.

Thika husifika kwa mananasi na viwanda. Mwalimu hana budi kuijua kwa jambo jingine. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha mjini humo shule ya watoto wasioona, ya kwanza ya aina yake nchini Kenya, na hadi leo watoto husoma huko kwa ncha za vidole. Maandishi yao ni ya nukta nundu, au Breli kama wengi tunavyoyaita. Kila alama hukaa katika nafasi ya nukta 6, yaani safu mbili za nukta tatu tatu. Kutokana na nafasi hizo hupatikana alama 63, nazo zinatosha kuandikia herufi, tarakimu na hata muziki.

Utaratibu wake wastahili kutazamwa kwa makini. Herufi kumi za kwanza, kuanzia a hadi j, hutumia nukta nne za juu peke yake. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zile zile za mwanzo, ila zimeongezewa nukta moja chini upande wa kushoto. Mtoto aliyekwisha kuijua a hahitaji kuanza upya ili aijue k. Herufi w ndiyo iliyobaki nje ya mpango, kwa kuwa Louis Braille alikuwa Mfaransa na alfabeti ya kwao wakati huo haikuihesabu. Nasi, kwa bahati, ndio tusioweza kusema "watoto wetu wanawapenda walimu wao" bila kuiandika herufi hiyo ya pembeni mara sita!

Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Katika shule ya Paris alikosomea Braille, vitabu vya wasioona vilichapwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vikubwa, vizito, na kidole kilipapasa kila herufi kwa taabu. Kisha ofisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, akaleta maandishi ya nukta 12. Nukta hizo zilikuwa nyingi mno: kidole kimoja hakikuweza kuzifunika kwa mguso mmoja. Braille, kijana aliyepofuka akiwa na umri wa miaka mitatu, alizipunguza zikawa sita. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa, na mwaka 1829 akaichapisha.

Hapo ndipo penye funzo kwa sisi walimu. Wakufunzi wengi wenye macho hawakuyapenda maandishi hayo mapya. Walizipendelea herufi zilizoinuliwa, maadam wao wenyewe waliweza kuzisoma bila kujifunza lolote. Zilikuwa rahisi, naam, lakini rahisi kwa mwalimu. Braille alifariki mwaka 1852, na Ufaransa ikayakubali rasmi maandishi yake miaka miwili baadaye. Isitoshe, mzigo wa kazi haukutoweka duniani. Mwanafunzi anayeandika kwa kibao na msumari wake hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili akiipindua karatasi nundu zisomeke sawasawa. Kitabu kimoja cha kiada huwa majuzuu kadhaa. Mwalimu mwenye macho naye sharti ajifunze kusoma mara ya pili maishani mwake. Mtu akiyaita maandishi hayo mepesi, asisahau ni jasho la nani lililoyafanya hivyo.

Sasa turejee Ruiru. Nyumba za kupanga zimekwisha kuyameza mashamba mengi ya kahawa, ingawa kituo cha utafiti wa zao hilo kingali pale. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha tunda likiwa bado bichi, ulitambuliwa Kenya mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ulileta hasara kubwa mno. Mkulima mdogo alilazimika kubeba bomba la dawa mgongoni, akanyunyiza mrututu na kurudia tena na tena msimu mzima, huku fedha za mauzo zikiishia dukani kwa muuza dawa. Mwaka 1985 watafiti walitoa aina iliyopewa jina la Ruiru 11. Ni mbuni mfupi, unaovumilia chulebuni pamoja na kutu ya majani, na kwa ufupi wake mkulima anaweza kupanda miti mingi zaidi katika shamba lile lile.

Mkulima alitua bomba, lakini watu wengine waliinama badala yake. Mbegu ya Ruiru 11 hutokana na uchavushaji wa mkono. Ua hufunguliwa kabla halijachanua, sehemu zake za kiume huondolewa moja moja, kisha hupakwa chavua ya mti uliochaguliwa. Kazi hiyo hurudiwa ua kwa ua. Aidha, sina budi kusema na upande wa pili: mbegu anayoiokota mkulima chini ya mti wake haimrudishii mti ule ule, hivyo hurejea kwa watafiti kila atakapo mbegu mpya. Nao wanunuzi wamebishana miaka mingi kama ladha yake inafikia ile ya miti mirefu ya zamani. Mwaka 2010 ilitolewa aina nyingine, Batian, ambayo ni ndefu na pia huvumilia magonjwa hayo. Kwa maoni yangu hesabu ya Ruiru 11 bado ni njema, ila ni hesabu yenye pande mbili.

Nimeyasema haya kwa sababu ya insha. Nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi, nilikutana na alfajiri zilizoraukiwa, majogoo yaliyowika na macheo yaliyopiga mashariki rangi ya dhahabu, hata pale mada ilipohusu ajali ya usiku wa manane. Watoto hawakuyabuni hayo. Sisi ndio tuliowakaririsha orodha za misemo na kuziita ukwasi wa lugha, kwa kuwa kuhesabu misemo katika insha ni kazi nyepesi kuliko kupima kama mtoto amesema kitu. Kila nikiwakumbuka wale wakufunzi wa Paris na herufi zao zilizoinuliwa, uso hunishuka.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alijaza ukurasa mzima na nusu kwa mapambo hayo. Mada ilikuwa siku asiyoweza kuisahau. Katika mistari ya mwisho, labda kengele ikiwa imekaribia, misemo ilimwishia, naye akaandika: "Nilirudi shuleni Jumatatu. Mama alikuwa amemuuza mbuzi. Hakuniambia, niliona kamba peke yake."

Mwenzangu tuliyesahihisha naye aliipigia mistari hiyo alama nyekundu, akaandika pembeni kwamba lugha ni kavu. Tulibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye tulimwongezea alama mbili, na hadi leo naona tulimpunja.