Haki Isipotee kwa Kupitwa na Siku: Mlango Sahihi wa Migogoro ya Kazi, Fidia na Bima

Chukua mfano wa dereva wa lori la kampuni ya usafirishaji. Akiwa safarini kikazi, gari linaacha njia na kumgonga mpita njia; dereva mwenyewe anavunjika mguu. Wiki tatu baadaye, akiwa bado anatembelea magongo, anakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Ajali ni moja, lakini madai yaliyozaliwa ni matatu, na kila dai lina ofisi yake. Baadhi yana ukomo mfupi wa siku. Anayekosea ofisi huweza kumaliza siku hizo katika mlango usio wake, kisha akaambiwa amechelewa.

Fidia ya kuumia kazini

Dereva huyo anastahili kufungua dai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohudumia sekta ya umma na sekta binafsi Tanzania Bara. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara. Kwa kawaida, mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea.

Mwajiri hutakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali. Akikaa kimya, mfanyakazi au ndugu zake wasimngoje, kwa kuwa ajali isiyofikishwa kwa Mfuko ndani ya miezi 12 inaweza kumpotezea mhusika haki yake.

Kuachishwa kazi

Uhalali wa kuachishwa kazi hupingwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Mgogoro wa aina hii hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi, kama vile malimbikizo ya mshahara, ina siku 60. Kufungua mgogoro hakuna malipo. Tume huanza kwa kuwasuluhisha wahusika, na wasipoafikiana, shauri husikilizwa na kutolewa uamuzi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mazungumzo na mwajiri, au ahadi ya kurudishwa kazini, hayasimamishi kuhesabiwa kwa siku. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kutoa sababu za msingi.

Mtumishi wa umma

Lau dereva huyo angekuwa mtumishi wa Halmashauri, asingeanzia CMA. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma yanamtaka mtumishi amalize kwanza njia za rufaa zilizomo katika sheria hiyo. Rufaa hupelekwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu kupokea barua ya uamuzi, na asiporidhika, hukata rufaa kwa Rais. Walimu wa shule za Serikali nidhamu yao husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu.

Bima ya gari

Mpita njia aliyegongwa naye ana haki. Sheria inalitaka gari kama hilo liwe na bima inayomlinda mtu wa tatu. Ahakikishe ajali imeripotiwa polisi, na apate namba ya gari pamoja na jina la kampuni iliyolikatia bima. Kampuni ikikataa au ikichelewesha malipo, ailalamikie kwanza kwa maandishi. Asipopata majibu ya kuridhisha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

La kufanya mapema

Katika kila barua, mhusika aandike tarehe aliyoipokea na kutunza bahasha yake. Atunze pia mkataba, hati za mshahara, fomu ya polisi na vyeti vya hospitali. Asiyejua pa kuanzia afike Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Afike wiki ileile aliyopokea barua, kwani chelewa chelewa utakuta mwana si wako.