Nzige Mwekundu

Watoto, mtazameni panzi katika manyasi ya njiani. Anakula jani, anaruka, kisha ndege anamshika. Nani anamwogopa panzi mmoja? Hakuna. Lakini nzige mwekundu ni jamaa yake, naye alileta njaa katika nchi nyingi.

Urefu wake ni kama kidole. Mabawa ya mbele yana milia ya kahawia. Ya nyuma ni mekundu karibu na mwili.

Mvua zinapoanza, jike hutoboa udongo kwa mkia wake na kutaga mayai mengi pamoja. Baada ya mwezi mmoja hivi watoto hutoka. Hawana mabawa; huruka kwa miguu tu. Hupata mabawa baada ya miezi miwili au mitatu.

Wakiwa wachache, kila mmoja hukaa peke yake, na wengi wa watoto wao ni kijani kama manyasi. Lakini wakisongana, tabia inageuka na rangi pia. Wanakuwa wa manjano na weusi, wanakwenda pamoja kama jeshi.

Kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Zambia, kuna bonde la maji, jina lake Mweru wa Ntipa. Maji yakipungua, manyasi huota, na nzige hupata chakula na mahali pa kutaga. Mwaka 1930 makundi yalitoka huko. Mpaka mwaka 1944 yalisumbua sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta, na Kongo pia. Yalikula mahindi, mtama na mpunga, kwa sababu mimea hiyo ni jamaa ya manyasi. Mwenye mihogo chini ya udongo alibaki na chakula.

Je, nzige ni mbaya tu? Sivyo. Anageuza manyasi kuwa chakula cha wengine. Korongo na mwewe humla, watu humkaanga. Nyigu wadogo sana hutaga ndani ya mayai yake na kuyaharibu. Hao wote hupunguza hesabu ya nzige. Basi, msiwapige ndege hao mawe bure: wanalinda mashamba yenu.

Tena watu hukagua mabonde, wapate kuwaua nzige kabla hawajaota mabawa. Adui akiwa mdogo, kazi ni ndogo.

Maulizo: Nzige hutaga wakati gani? Kwa nini mihogo ilibaki? Ni nani wanaotusaidia kupunguza nzige?